Kuamua malalamiko ya haki katika mashindano ya ramani za Doom: mwongozo kwa waandaaji wa Lubumbashi

Vijana wa Lubumbashi wanaotengeneza ramani za michezo ya video hawagombani sana wakati wa kazi yenyewe. Ugomvi huanza siku matokeo yanapotangazwa. Zawadi yaweza kuwa dola ishirini na mega (data za intaneti) za mwezi mmoja, lakini aliyekesha usiku baada ya usiku akipanga milango, ngazi na mazimwi hapiganii dola ishirini. Anapigania jina lake mbele ya wenzake wa Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi. Mwongozo huu ni wa mwandaaji ambaye tayari ana lalamiko mkononi, au anayejua kwamba litamfikia, na anataka kuliamua kwa namna ambayo hata aliyeshindwa ataweza kuikagua.

Mifano yote nimeitoa katika Doom, mchezo uliotolewa na id Software mwezi Desemba 1993, ambao mashabiki wanaendelea kuutengenezea ramani hadi leo. Unaendeshwa bila taabu na kompyuta kuukuu, mradi wa Freedoom unatoa picha, sauti na mazimwi bila malipo, na faili la ramani moja kwa kawaida ni dogo kiasi cha kutumwa kwa mega chache. Anayeandaa mashindano ya Minecraft atabadilisha majina ya mafaili, ila utaratibu hautabadilika sana.

Lalamiko huamuliwa kwa kanuni zilizokuwapo siku mashindano yalipofunguliwa, si kwa kanuni ambayo sasa kila mtu anaona ingefaa. Pale ambapo kanuni inasomeka kwa njia mbili, kosa ni la aliyeiandika, na kwa hiyo mshiriki aliyeifuata kwa nia njema kwa njia mojawapo haadhibiwi. Mengine yote hapa chini yanatokana na hayo mawili.

Kabla ya kujibu lolote

Jambo la kwanza ni kuhifadhi ushahidi. Nakili ramani zote kama zilivyopokelewa, pamoja na karatasi za alama kama waamuzi walivyozileta, uziweke katika flashi, na flashi hiyo akae nayo mtu asiye mwamuzi wala mshiriki. Fanya hivyo kabla ya kuandika hata neno moja la jibu, maana mwamuzi aliyesikia kwamba analalamikiwa hushikwa na hamu ya kwenda "kurekebisha kidogo" maelezo yake.

Kisha omba lalamiko kwa maandishi, likiwa na jina la mlalamikaji mwenyewe. Yaya, yaani kaka au dada mkubwa, wa mshiriki akija kuzungumza kwa niaba ya mdogo wake, mpokee kwa heshima yake yote, mpe kiti, msikilize hadi mwisho, halafu umweleze kwamba mdogo ndiye atakayeandika, kwa sababu yeye ndiye anayeijua ramani yake. Barua itaje kanuni inayodaiwa kuvunjwa, jambo lililotokea, na jambo ambalo mlalamikaji anataka lifanyike. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalokuokolea muda, kwani wapo wanaotaka maelezo tu, na ukiwaeleza vizuri wanaridhika.

Baada ya hapo tenganisha ladha na utaratibu. "Mwamuzi amesema ramani yangu ina giza mno" ni suala la ladha, na hakuna kamati inayoweza kuthibitisha kwamba giza hilo lilikuwa la kiasi. "Mwamuzi hakufika kwenye ufunguo mwekundu, lakini ametoa alama za ramani nzima" ni suala la utaratibu, na linachunguzika. Aghalabu mambo haya mawili huja yamechanganyika katika ujumbe mmoja wenye matusi ndani yake. Chambua sehemu ya utaratibu, uishughulikie, na matusi uyaache yapite. Mtu mwenye kiburi anaweza kuwa na haki yake vilevile.

Saa ya mwisho ya kutuma

Mabishano kuhusu kuchelewa mara nyingi huzaliwa na tangazo lenyewe. Tangazo lililosema "mwisho ni saa sita usiku, tarehe 30" halikueleza kama ni usiku unaoiingiza tarehe 30 au unaoitoa, wala halikusema ni saa ya mji gani. Hilo la mji si mzaha. Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, hivyo mshiriki aliyeko Kinshasa anayetuma faili lake saa 23:30 kwa saa ya huko anatufikia saa 00:30 ya siku inayofuata. Ikiwa tangazo halikutaja mji, mpokee, hata kama washiriki wa hapa watanung'unika. Safari ijayo andika "tarehe 30, saa 23:59, saa ya Lubumbashi".

Suala la umeme ni gumu zaidi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika jioni ya siku ya mwisho, washiriki wa mtaa mzima wanachelewa pamoja, na wenye jenereta au paneli za jua wanadai kwamba kuwasubiri wenzao ni upendeleo. Pande zote mbili zina hoja. Njia nzuri kuliko zote ninazozijua ni kupokea msimbo wa faili badala ya faili lenyewe. Kila faili linaweza kukokotolewa msimbo wa SHA-256, wenye tarakimu na herufi 64, unaotokana na yaliyomo ndani yake; mtu akisogeza zimwi moja tu, msimbo unakuwa mwingine kabisa. Katika Windows, mshiriki anafungua dirisha la amri na kuandika:

certutil -hashfile ramani.wad SHA256

Msimbo unaotokea unatosha katika SMS moja ya kawaida yenye nafasi 160, ambayo haihitaji mega bali uniti (salio la simu) kidogo tu. Kanuni iseme kwamba aliyetuma msimbo kabla ya saa ya mwisho ana saa 48 za kuleta faili, kwa intaneti au kwa flashi mkononi. Misimbo ikilingana, hakuchelewa. Washiriki wahimizwe kukokotoa msimbo kila wanapohifadhi toleo linaloridhisha, wasingoje betri ya kompyuta ibaki na dakika tano.

Ikiwa kanuni hiyo haikuwapo na umeme umeshakatika, unaweza kuongeza muda, mradi uongezwe kwa wote na mradi hakuna mwamuzi aliyekwisha kufungua ramani yoyote. Ramani moja ikishafunguliwa, mlango wa kuongeza muda umefungwa. Wala usikubali tarehe inayoonekana kwenye faili iwe ushahidi: faili la WAD, yaani faili la ramani za Doom, halihifadhi tarehe ndani yake, na tarehe inayoonyeshwa na kompyuta hutegemea saa ya kompyuta, ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuirudisha nyuma.

Faili lililobadilishwa baada ya muda kwisha

Mashindano mengi huruhusu kurekebisha hitilafu baada ya saa ya mwisho, kwa mfano mlango usiofunguka au mahali ambapo mchezaji hunasa asitoke. Lalamiko huwa kwamba fulani aliruhusiwa kurekebisha mlango, naye akapitia mlango huohuo kuongeza mambo mengine.

Msimbo peke yake hautakusaidia hapa, kwa kuwa unakuambia tu kwamba kuna kilichobadilika. Hata kuipitisha ramani upya katika programu inayojenga nodi (migawanyo ya ramani ambayo mchezo huitumia kuchora), bila kugusa chumba hata kimoja, kunabadilisha msimbo. Kwa hiyo fungua matoleo yote mawili katika programu ya kuhariri mafaili ya Doom kama SLADE, utazame sehemu za ndani za ramani, hasa THINGS (vitu), LINEDEFS (mistari) na SECTORS (maeneo ya sakafu na dari). Katika muundo wa asili wa Doom, kila kitu kilichowekwa ndani ya ramani, kiwe zimwi, silaha au sanduku la dawa, kinachukua baiti 10 katika THINGS, na kila mstari unachukua baiti 14 katika LINEDEFS. Tuseme THINGS ya toleo la kwanza ilikuwa na baiti 1,840, yaani vitu 184, na ya toleo la pili ina baiti 1,900. Vitu sita vimeongezeka, na sasa una swali mahususi la kumuuliza mtengenezaji badala ya kumshutumu kwa jumla. Ukubwa ukiwa uleule, bado linganisha yaliyomo, kwa sababu kitu kinaweza kuhamishwa au kubadilishwa aina bila kuongeza baiti hata moja.

Muulize kabla hujaamua. Huenda mlango uliorekebishwa ulifungua chumba ambacho hakikuwa na dawa, na yeye akaona kuweka dawa ni sehemu ya marekebisho. Ikiwa maelezo hayatoshi, rudi kwenye toleo la saa ya mwisho na waamuzi walipime hilo. Simshauri mtu yeyote kumwondoa mshiriki kwa kosa la namna hii: kuondolewa ni adhabu ya udanganyifu, na udanganyifu unahitaji ushahidi wa nia, si wa baiti sitini.

Waamuzi walicheza nini hasa?

Hapa ndipo haki inapopotea kimyakimya, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Doom ina ngazi tano za ugumu, lakini vitu vya ramani hupangwa kwa makundi matatu tu: ngazi ya 1 na ya 2 hutumia mpangilio mmoja, ya 3 ina wake, ya 4 na ya 5 hutumia mwingine. Mwamuzi aliyecheza katika ngazi ya 2 na mwenzake aliyecheza katika ngazi ya 4 wanaweza kuwa wamekutana na mazimwi tofauti, risasi tofauti na mitego tofauti, hivi kwamba alama zao hazizungumzii ramani moja. Kanuni itaje ngazi. Kama haikuitaja, na mlalamikaji ameonyesha kwamba waamuzi walitofautiana, hakuna njia ya mkato: ramani zote zichezwe tena katika ngazi moja.

Vivyo hivyo kwa programu ya kuendeshea mchezo. Doom ya asili ina mipaka, kwa mfano nyuso bapa zinazochorwa kwa mara moja haziwezi kuzidi 128, na ramani inayozidi hapo huuangusha mchezo mzima. Programu za kisasa zimeiondoa mipaka hiyo, na GZDoom imeongeza mambo mengi ambayo nyingine hazina. Mwamuzi akiifungua katika programu moja ramani iliyotengenezwa kwa nyingine, ngazi za kupandia zinaweza zisiinuke na mlango usifunguke, naye ataandika kwamba ramani ni mbovu. Kanuni isiyotaja programu ni kanuni inayosomeka kwa njia mbili, na kwa hiyo ramani hiyo inachezwa tena katika programu aliyoitumia mtengenezaji. Kanuni ikiwa imeitaja waziwazi, mathalani DSDA-Doom katika complevel 9, yaani taratibu za Boom (programu ya zamani iliyoiongezea Doom uwezo), mshiriki aliyeipuuza anabeba matokeo yake.

Ili kujua mwamuzi alicheza nini, mtake arekodi mchezo wake. Doom haihifadhi video. Inahifadhi amri za mchezaji, mara 35 kwa kila sekunde, na katika muundo wa asili kila mara ni baiti 4. Mchezo wa dakika ishirini ni takriban baiti 168,000, chini ya ukubwa wa picha moja ya simu. Ngazi ya ugumu imeandikwa mwanzoni mwa rekodi hiyo. Tena rekodi huenda sawasawa tu ikichezeshwa juu ya ramani ileile na taratibu zilezile: ukiongeza zimwi moja, kwa kawaida utamwona mchezaji anaanza kugonga kuta na kufyatulia hewa risasi. Kwa hiyo rekodi ya mwamuzi inathibitisha alichokicheza, hadi wapi, na juu ya toleo lipi. Mwamuzi anayeona kudaiwa rekodi ni dharau, mshukuru kwa moyo wake na utafute mwingine.

Linabaki suala la hesabu. Tuseme waamuzi watatu wameipa ramani ya kwanza alama 9, 7 na 7, na ya pili 5, 8 na 8. Kwa jumla ya kwanza ina 23 na ya pili ina 21, kwa hiyo ya kwanza inashinda, ingawa waamuzi wawili kati ya watatu wameiona ya pili kuwa bora. Anayetumia alama kuanzia 5 hadi 9 amewazidi nguvu wenzake wanaobaki kati ya 7 na 8, na huenda hata hakujua. Ukimtaka kila mwamuzi azipange ramani kwa nafasi badala ya kuzipa alama, ya pili inashinda kwa wawili dhidi ya mmoja. Mimi napendelea nafasi. Lakini kama kanuni ilisema "jumla ya alama", basi ni jumla ya alama, na mlalamikaji aliyegundua jambo hili ajibiwe kwamba hoja yake ni nzuri na itaingia katika mashindano yajayo. Kubadilisha hesabu baada ya kuona matokeo ni kumchagua mshindi kwa mkono.

Mwamuzi ndugu, na kura za marafiki

Huwezi kupata mwamuzi Lubumbashi asiyemfahamu mshiriki hata mmoja. Wamesoma pamoja, wanasali pamoja, au wanashabikia Mazembe wakiwa wamekaa benchi moja. Kufahamiana si kosa. Kinachotakiwa ni mwamuzi kutaja mapema mshiriki aliye ndugu yake, mshirika wake wa kazi au mtu aliyemsaidia kujaribu ramani, na ramani hiyo ichezwe na mwamuzi wa akiba. Kuficha majina na kuzipa ramani namba kunasaidia, ila kusitegemewe sana, kwa kuwa mwenye jicho hutambua mkono wa rafiki yake katika chumba cha kwanza.

Usimwondoe tu mwamuzi huyo na kuchukua wastani wa waliobaki. Mwamuzi mkali ambaye kwa kawaida hutoa 5, pale wenzake wanapotoa 7, anaishusha kila ramani hadi wastani wa 6.33, ilhali ramani ya ndugu yake, ambayo hakuipa alama, itabaki na 7 kamili. Kujiondoa kwake kutakuwa kumempendelea ndugu kuliko ambavyo angempendelea kwa kukaa.

Kura za watazamaji zipewe zawadi yake ya pembeni. Zikichanganywa na alama za waamuzi, atashinda mwenye makundi mengi ya WhatsApp.

Tuhuma za kunakili

Ramani ya Doom imejengwa kwa nukta, kila moja ikiwa na namba zake mbili za mahali. Chumba kilichonakiliwa na kuhamishwa hubadilisha namba zote, lakini tofauti kati ya nukta na nukta hubaki ileile. Linganisha tofauti hizo. Chumba cha mraba chenye upande wa 256 hakithibitishi chochote, maana watengenezaji wengi hujenga juu ya gridi ya 64 au 32. Pango lenye kona thelathini zisizo na mpangilio, ambalo kona zake zote zinalingana na za pango la mtu mwingine, haliwezi kutokea kwa bahati. Kufanana kwa wazo, kama vile daraja linaloanguka au ufunguo ulio juu ya nguzo, si kunakili, na mlalamikaji aambiwe hivyo bila kuzungushwa.

Kuandika uamuzi

Aliyelalamikiwa apewe nafasi ya kujibu kabla, na jibu la mwisho liwe fupi, litaje kanuni, ushahidi na hatua. Kwa mfano:

"Ndugu mshiriki, tumepokea lalamiko lako la tarehe 4, kwamba mwamuzi wa pili aliicheza ramani namba 7 katika ngazi ya 2, ilhali kanuni ya 5 inataja ngazi ya 4. Tumeitazama rekodi yake na tumeona kwamba ulilosema ni kweli. Mwamuzi wa akiba ataicheza ramani hiyo, pamoja na nyingine zote ambazo mwamuzi wa pili alizicheza katika ngazi ya 2. Ombi la kufuta alama za mwamuzi wa tatu hatukulikubali, kwa sababu maoni yake kuhusu mwanga yako ndani ya mamlaka aliyopewa na kanuni ya 8. Ukiwa na hoja mpya, ilete kabla ya tarehe 11, saa 18:00, saa ya Lubumbashi."

Angalia kwamba hatua iliyochukuliwa imezihusu ramani zote zilizoguswa na kosa lile, si ya mlalamikaji pekee. Asiyelalamika naye ana haki yake, na huenda alinyamaza kwa sababu hakujua. Rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakuhusika, tuseme mtengenezaji mzoefu wa Kolwezi au Goma, ambaye atatumiwa mafaili na rekodi bila majina.

Zawadi isitolewe kabla muda wa rufaa haujaisha. Iliyotangazwa kwa dola na kulipwa kwa faranga ihesabiwe kwa bei ya siku ya kulipa, na noti iwe nzima, kwa sababu iliyochanika pembeni kidogo tu hukataliwa dukani, na mshindi atarudi kwako na lalamiko jingine. Ikiwa fedha zimekwisha kutolewa na rufaa imempa ushindi mtu mwingine, usimfuate wa kwanza nyumbani kwao kumdai. Matokeo yatangazwe upya, na waandaaji wachangie zawadi ya pili kutoka mifukoni mwao, kwa kuwa kosa la kulipa mapema lilikuwa lao.